Malisho Si Shamba la Mahindi

Limeanza kutembea vijijini mwetu neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Twalisikia sokoni, twalisikia penye josho la ng'ombe, na Jumapili moja tulilisikia hata mlangoni pa kanisa, watu wakingali na vitabu vya nyimbo mikononi. Neno lenyewe ni hili: malisho ya kijiji yamechoka, basi na tuchange fedha, tununue mifuko ya urea, tuimwage juu ya nyasi kabla ya masika, nasi tutaiona mbuga yote imegeuka kijani kama jaruba la mpunga. Mtu wa kwanza kulileta alikuwa mfanya biashara, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa kuuza ndiyo kazi yake. Walioliamini na kulieneza ni watu wetu wenyewe, na baadhi yao ni walimu wenzetu. Kwa ajili ya hao twaandika.

Sisi twasema waziwazi kwamba shauri hilo ni la hasara, na fedha zitakazochangwa zitanunua umaskini. Tena twasema kwamba hasara yake ni ngumu kuitambua, maana itakuja imevaa vazi la baraka. Mtu akitia urea juu ya nyasi, nyasi zitaota kweli. Zitarefuka, zitakuwa na kijani cha kupendeza, na wapita njia watamsifu. Ng'ombe watashiba mwaka ule, na pengine mwaka wa pili, na kila aliyelipinga shauri ataonekana mpumbavu. Hasara itafuata nyuma polepole, wakati mfanya biashara amekwisha kwenda kijiji kingine.

Kwanza tujitenge na watu wa upande wa pili, ambao nao watushangaza. Hao husema kwamba mbolea ya chumvichumvi ni sumu tupu, na mkulima Mkristo asiiguse. Hatusemi hivyo. Katika hewa tuivutayo, sehemu 78 kati ya 100 ni nitrojeni, walakini mmea hauwezi kuila nitrojeni ya hewani, kama vile mwenye kiu asivyoweza kunywa maji ya bahari ingawa ameketi pwani. Mwaka 1909 Fritz Haber, Mjerumani, alipata njia ya kuifunga nitrojeni hiyo pamoja na hidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanza kuitengeneza kwa wingi katika kiwanda cha Oppau. (Haber ndiye pia aliyesimamia gesi ya sumu iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres mwaka 1915. Elimu ile ile, na mkono ule ule.) Yakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo hula chakula kilichooteshwa kwa nitrojeni ya viwandani. Na mashamba ya Afrika yana njaa. Wakuu wa nchi zetu walipokutana Abuja mwaka 2006, ilisemwa kwamba mkulima wa Afrika alitia kwa wastani kilo 8 tu za mbolea kwa hekta moja, nao wakaazimia kufika kilo 50. Mjane apandaye mahindi katika udongo uliochoka, akiambiwa kwamba mbolea ni dhambi, ameonewa. Na aitie, ila kwa kipimo.

Lakini malisho si shamba la mahindi.

Katika shamba twataka mmea mmoja, na kila kitu kingine twakiita magugu, twakikata kwa jembe. Katika malisho twataka vingi. Ewe msomaji, piga magoti katika malisho yetu baada ya mvua, mahali pa upana wa mkeka wa kulalia, uhesabu. Utaona nyasi ngumu za kuezekea, na nyasi laini zipendwazo na ndama. Utaona mimea ya jamii ya kunde itambaayo chini, maua madogo yaendewayo na nyuki, mboga za mwitu, na dawa za tumbo ambazo bibi zetu wazijua kwa majina na sisi wenye vyeti hatuzijui. Baadhi huota mapema na nyingine huchelewa. Hizi zina mizizi mirefu iendayo kutafuta maji chini, na zile hukaa juu juu zikingoja manyunyu. Mvua ikiwa haba, hizi husimama. Ikizidi, zile husitawi. Kwa hiyo malisho hayo yameweza kulisha mifugo ya babu zetu katika miaka mizuri na miaka mibaya, pasipo mtu kuyapanda wala kuyapalilia.

Nitrojeni ikimwagwa hapo hufanya kazi ya jembe. Hupalilia. Na mwenye kushika mpini si wewe: huchagua yenyewe mimea ya kubaki, nayo huchagua ile michache yenye uroho, ambayo yaweza kunyonya upesi na kurefuka upesi, kisha huing'oa mingine yote bila ya kukuuliza kama ulikuwa na haja nayo.

Maneno haya hatukuyaokota njiani. Iko mbuga moja ndogo huko Rothamsted, katika nchi ya Uingereza, ambayo imeulizwa swali hili hili tangu mwaka 1856, nayo haijaacha kujibu. Walioanza kuiuliza ni Bwana John Bennet Lawes na mwenziwe Joseph Henry Gilbert, na yafaa wapenzi wa urea wajue Lawes alikuwa mtu gani. Hakuwa mtu wa kulilia maua. Alikuwa mwenye kiwanda cha mbolea. Mwaka 1842 alipewa hati ya serikali ya kutengeneza mbolea ya fosfati, na mali yake ilitoka humo. Mtu huyu alichukua malisho ya kale, yapata hekta 3, ambayo yalikuwa malisho kwa muda wa miaka 100 au zaidi, akayagawa viwanja, akakipa kila kiwanja chakula chake: hapa hakuna kitu, pale samadi, pale fosfati na potasi, pale chumvi ya amonia yenye nitrojeni. Alitaka kujua ni mbolea gani itakayompa majani makavu mengi kuliko nyingine. Haikupita miaka mingi wakaandika kwamba viwanja vile vimeachana sana, hata mtu angedhani vilijaribiwa mbegu mbalimbali, ingawa hapakupandwa mbegu hata moja.

Jaribio lile laendelea hata leo. Lawes alikufa mwaka 1900, na Gilbert mwaka uliofuata. Waliokuja nyuma yao waliendelea kukata majani, kuyapima na kuyahesabu, mtu na mrithi wake. Kiwanja kisichopewa kitu tangu mwaka ule wa 1856 kina aina karibu 40 za mimea. Viwanja vilivyopewa chumvi ya amonia mwaka kwa mwaka, pasipo chokaa, vimebaki na aina 2 au 3, nazo ni nyasi tupu. Hakuna ua, hakuna kunde. Udongo wake umekuwa na tindikali kali, hata nyungunyungu wamehama, na kwa kuwa hakuna wa kuyala majani yaliyokufa, yamelala juu ya ardhi kama zulia lisilooza. Lakini viwanja vilivyopewa fosfati na potasi bila ya nitrojeni vilijaa mimea ya kunde, navyo vikatoa majani mengi pasipo kupoteza jamaa zao kiasi hicho. Twawaomba wale walimu wenzetu wasome mistari hii mara mbili. Hii ni hesabu ya zaidi ya miaka 160, nayo ilianzishwa na muuza mbolea.

Tusiseme uongo ili tushinde: urea hutia udongo tindikali kwa upole kuliko ile chumvi ya amonia ya Rothamsted. Lakini huitia. Wakulima wa mahindi wa Uasin Gishu na wa magharibi ya Kenya, waliotumia mbolea za amonia miaka mingi, sasa washauriwa kununua chokaa ili kuuponya udongo. Katika shamba jambo hilo lawezekana, maana mavuno hulipa chokaa. Nani atakayetia chokaa mbuga nzima ya kijiji?

Mtu atauliza: aina za mimea zapoteaje, na hali chakula kimeongezwa? Mwalimu yeyote aliyefundisha katika darasa lenye dirisha moja ataelewa. Wape uji wavulana wakubwa watatu wanaokaa dirishani, wanenepe, warefuke. Wale wadogo wa nyuma hawatakufa kwa njaa, lakini hawataona ubao. Mimea nayo hula kwa mwanga. Katika udongo wa kawaida hakuna mmea uwezao kurefuka sana, kwa hiyo jua hufika hata kwa wale watambaao. Udongo ukijazwa nitrojeni, wachache hurefuka na kufunga dirisha. Mwaka 2009 wataalamu wa Zürich walilithibitisha jambo hili kwa njia ambayo msomaji wa Injili ataifurahia. Twajua habari ya taa iliyowekwa chini ya pishi, kwamba haina faida. Wao waliweka taa chini ya majani. Walipotia mbolea bila ya taa, mimea midogo ilitoweka. Walipotia mbolea ile ile na kuwasha taa chini, mimea midogo ilibaki. Basi haikuuawa na mbolea, iliuawa na giza. Nasi hatuna taa za kuweka chini ya majani ya mbuga nzima.

Na mimea ya kunde ina msiba wake peke yake. Hermann Hellriegel alionyesha mwaka 1886 kwamba mimea hiyo hupata nitrojeni ya hewa kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi yake. Maana yake ni kwamba malisho yetu yana kiwanda chake cha mbolea, nacho hakidai malipo. Tukileta nitrojeni ya mfuko, mimea ya kunde hupatwa na yale yampatayo mfinyanzi siku yanapogawiwa masufuria ya bure: ufundi wake haumpi tena nafasi yoyote mbele ya wengine, naye huondoka sokoni. Tutakuwa tumenunua kwa fedha kitu tulichokuwa tukikipata bure, na kwa kukinunua tumemfukuza aliyekuwa akikileta.

Hapo wapinzani wetu husema, Sisi tutatia kidogo tu. Neno hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa lafanana na kiasi, na sisi Wakristo twafundishwa kupenda kiasi. Basi tupime. Huko Cedar Creek, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, Bwana David Tilman na wenzake walianza mwaka 1982 kutia nitrojeni kwa vipimo mbalimbali juu ya nyasi. Baada ya miaka zaidi ya 20 ilionekana kwamba hata kilo 10 za nitrojeni kwa hekta kila mwaka zilipunguza aina za mimea kwa sehemu 17 katika 100. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Ukiumwaga mfuko mmoja juu ya ekari 5, na kila mmoja wetu angekiita kipimo hicho kidogo, hata cha kuchekesha, umekwisha kuipita ile kilo 10 kwa hekta. Na Waingereza walipokagua mahali 68 pa malisho ya udongo wenye tindikali katika nchi yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004, waliona kwamba kwa kila kilo 2 na nusu za nitrojeni zinazoshuka kwa hekta kila mwaka, aina moja ya mmea hupotea katika eneo la mita 2 kwa mita 2. Msomaji aangalie: mahali pale hapakutiwa mbolea na mtu. Nitrojeni ile ilishuka kutoka hewani tu, ya moshi wa magari na viwanda, na ya amonia ipandayo kutoka katika samadi na mashamba.

Wengine husema, Tutatia mara moja, malisho yapate nguvu, kisha tuache. Hao hawamjui binadamu. Mwaka wa pili nyasi zikirudi chini, watu watasema zimeshuka kwa kuwa hazikutiwa, nao watachanga tena. Kisha itakuwa desturi. Na huko Cedar Creek faida yenyewe haikudumu: mwanzoni nitrojeni iliongeza majani sana, lakini kadiri aina za mimea zilivyopotea, nyongeza ile nayo ilizidi kupungua, hali mbolea ni ile ile. Mtu alipe bei ile ile kila mwaka apate kidogo kuliko mwaka jana. Twajua mikopo ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye ukame, maana kwetu hili ndilo la kufa na kupona. Mwaka 1987 na 1988 ukame mkubwa uliipiga Minnesota, na viwanja vya Cedar Creek vilikuwa tayari vimehesabiwa. Viwanja vyenye aina nyingi vilipungukiwa majani, vikabaki na kiasi cha nusu. Viwanja vyenye aina chache vilibaki na sehemu ya nane tu, au chini yake. Mwenye ng'ombe 8 na afikiri maana yake. Walitokea wataalamu wakabisha, wakasema kosa halikuwa la uchache wa aina, bali ni la mbolea yenyewe, kwa kuwa viwanja vyenye aina chache ndivyo vilivyokuwa vimetiwa nitrojeni nyingi. Na wabishane. Kwetu ni mamoja, kwa sababu anayemwaga urea juu ya malisho hupata yote mawili kwa bei moja.

Yako maneno mawili ya wapinzani wetu yaliyo na nguvu kweli, wala hatutayaruka.

La kwanza ni la maboma ya zamani. Mchungaji yeyote wa Laikipia au wa Narok atakuambia kwamba palipokuwa na boma la ng'ombe hapo kale, leo pana uwanda wa nyasi fupi, tamu, na swala na pundamilia wanapapenda kuliko mahali pengine. Samadi ya miaka mingi iliurutubisha udongo. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza habari za mahali pa namna hiyo huko Narok palipokaliwa na wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, na rutuba yao imo hata leo. Basi, wasema wapinzani, mbolea yaponya mbuga. Twajibu kwamba maboma yale ni madoa madogo katika nguo kubwa. Boma moja hapa, jingine mbali kule, na katikati yake nyika isiyorutubishwa. Kwa sababu hiyo mbuga ilipata namna mbili za mahali, na wanyama wa namna mbili, na wingi wa viumbe ukaongezeka. Yeye atakaye kumwaga urea juu ya mbuga yote ataka nguo nzima iwe doa. Tena rutuba ya maboma haikuletwa na mtu kwa mfuko kutoka nje. Ng'ombe waliikusanya katika mbuga ile ile mchana, wakaiacha bomani usiku.

La pili ni la mifugo. Husema, Ng'ombe wetu watazila nyasi ndefu, nalo dirisha litabaki wazi. Hapa pana ukweli, nasi twaukiri. Katika jaribio moja kubwa, lililotangazwa mwaka 2014, lililofanywa katika mbuga 40 za mabara sita, ilionekana kwamba pale ambapo wanyama walao majani waliufungua mwanga ufike chini, aina za mimea zilihifadhika, hata palipotiwa mbolea. Lakini ng'ombe hali kila kitu sawasawa. Huchagua, na unyasi aliouacha hukomaa ukafunga mwanga. Wakati wa masika, urea ifanyapo kazi yake kwa haraka, mifugo ya kijiji haiwezi kuufuata mwendo wa nyasi, na wakati wa kiangazi hula mpaka udongo. Tena mifugo haiondoi tindikali. Viwanja vya Rothamsted hukatwa majani mara mbili kwa mwaka, wala hakuna ng'ombe akataye kwa usafi kama ule, walakini havikuokoka.

Mfano ulio karibu zaidi tunao, ingawa ni wa majini. Wavuvi wa Ziwa Viktoria waliyaona magugu maji katika miaka ya 1990 yakifunika ghuba nzima, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mmea ule mgeni ulipata maji yaliyokwisha kurutubishwa na udongo na uchafu wa mashamba na miji, ukawala wote. Hakuna aliyesimama ufukoni akausifu kijani chake.

Waholanzi nao walijifunza kwa machozi. Nchi ndogo, mifugo mingi mno. Amonia ya samadi ikapanda hewani ikashuka juu ya nyika zao za vichaka, na sehemu nyingi zikageuka nyasi tupu. Serikali ilikawia, hata tarehe 29 Mei 2019 baraza lao kuu la hukumu likaibatilisha njia iliyokuwa ikitumika kutoa vibali. Mwezi wa Oktoba wakulima wakajaza barabara za kwenda The Hague kwa matrekta, na mwaka 2023 chama chao kikashinda katika uchaguzi wa majimbo. Hatuwacheki wakulima wale; miaka mingi walishauriwa wazidishe, kisha ghafula wakaambiwa wapunguze. Twawataja ili ijulikane kwamba ushauri mbaya wa mwanzo hulipwa na mkulima, wala mshauri halipi.

Je, malisho yaliyoharibika hivyo hupona? Huko Rothamsted baadhi ya viwanja vilivyoachishwa nitrojeni tangu mwaka 1989 vilirudiwa na mimea yake mingi, na hewa ya Uingereza ilipopunguza nitrojeni, mimea ya kunde ilianza kuongezeka tena. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2015, nasi tulifurahi kuisoma. Lakini huko Cedar Creek viko viwanja ambavyo, hata miaka 20 baada ya mbolea kuachwa, havikuirudia hali yake. Mbegu za aina zilizopotea zilikuwa zimekwisha udongoni, na zulia la majani makavu likawazuia wageni. Basi anayetuambia kwamba tutajaribu na tukikosea tutarudi, hajui atupelekako.

Tena tuseme jambo la haki, kwa kuwa shauri hili halitampata kila mtu sawa. Mwenye ng'ombe 40 atafaidi miaka miwili ya majani marefu kuliko mtu yeyote, kwa fedha zilizochangwa na wote. Mjane mwenye mbuzi 2, ambao hula majani mapana ya vichipukizi zaidi ya nyasi, atachanga kama wengine, kisha atayakosa majani hayo. Mwenye mizinga ataona nyuki wamepungukiwa maua. Bibi mchuma dawa atatembea mbali zaidi, hata siku moja atarudi mikono mitupu, na hakuna atakayeandika katika kitabu cha baraza kwamba mali yake ilichukuliwa. Mali ya maskini katika kijiji chetu imo zaidi katika vitu visivyopandwa na mtu, nayo ndiyo itakayopaliliwa kwanza.

Mwenye urea na aipeleke kwenye mahindi yake, au kwenye kipande alichopanda majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, maana huko ametaka mmea mmoja tangu mwanzo. Samadi na ipelekwe huko huko. Kama malisho yamechoka kweli, nasi twakubali kwamba upande wa bondeni yamechoka, yagawanywe kwa zamu, sehemu moja ipumzike wakati nyingine inaliwa, kama wazee walivyofanya kabla ya sisi kuona aibu kuwauliza. Jambo hilo halihitaji mchango wa fedha, lahitaji watu wapatane, na huenda ndiyo sababu halisemwi sana mlangoni pa kanisa.

Kwa upande wetu tumepima viwanja 4 nyuma ya shule, kila kimoja mita 2 kwa mita 2. Viwili tumevizungushia miiba, na viwili viko wazi kwa mifugo, ili mtu asiseme tumewanyima ng'ombe nafasi ya kufungua dirisha. Kimoja cha miiba na kimoja kilicho wazi vitapewa urea kwa kipimo kile cha mfuko mmoja kwa ekari 5, yaani gramu 10 kwa kiwanja, zisizojaza hata kiganja cha mtoto. Viwili vingine havitapewa kitu. Watoto wa darasa la sita wamekwisha kuhesabu mimea ya kila kiwanja na kuiandika katika daftari, na pale sisi walimu tuliposhindwa na jina, waliandika jina waliloambiwa na bibi zao. Watahesabu tena kila mwisho wa masika kwa muda wa miaka 5, darasa moja likilirithisha jingine. Twaliomba baraza la kijiji lisipokee mchango wowote wa urea ya malisho mpaka hesabu ya tano isomwe mbele ya watu. Na yule mfanya biashara twamkaribisha aje apige magoti ahesabu pamoja na watoto. Daftari liko mezani pa mwalimu mkuu, na mlango haufungwi kabla ya saa kumi.